Bima inalipia dawa ya macho. Maji ya kunawa je?

Nina kadi ya bima. Kwa nini mwanangu anarudi zahanati kila mara kwa macho yaleyale?
Kama unaishi Kongwa, Chamwino au Bahi, mkoani Dodoma, swali hili unalijua. Trakoma, yaani vikope, husambazwa na vidole, khanga moja inayofuta nyuso za watoto wote, na nzi wanaofuata matongo. Dawa inaua vimelea, lakini mtoto anarudi nyumbani kulekule, ambako dumu la maji limetoka mbali na la kwanza kukumbukwa ni chungu cha ugali. Utafiti uliofanyika Kongwa na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kuhimiza familia ziwanawishe watoto uso baada ya dawa kulipunguza trakoma kali. Maji, umbali, kipato na nyumba ndivyo wataalamu wanavyoviita vichocheo vya kijamii vya afya.

Mkataba wa bima unavitaja vitu hivyo?
Kwa kawaida, kidogo sana. Mkataba kati ya mfuko wa bima na kituo cha afya unahusu huduma, bei na madai: kituo kinatibu, kinajaza fomu, kinalipwa. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilipangiwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita, na si haba. Ila bodaboda ya kutoka kijijini unajilipia.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha: muda wa kulipa. Mkulima wa mtama au alizeti anashika pesa baada ya mavuno. Kadi yake ikiisha Januari, ghala linaelekea kuwa tupu na mvua ndiyo kwanza imeshika, atalipa nini?

Wapo waliojaribu kuandika chakula na usafiri ndani ya mkataba?
Wapo. Marekani ina Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo iliyoanzishwa mwaka 1965. Majimbo mengi huingia mkataba na kampuni za bima na kuzilipa kiasi maalumu kwa kila mwanachama kila mwezi. Mkataba unaweza kuibana kampuni iwaulize wanachama kama wana chakula na pa kulala, kisha iwaunganishe na msaada. Usafiri wa kwenda kutibiwa ni fao la lazima. North Carolina ilikwenda mbali zaidi: kuanzia 2022, fedha za Medicaid zililipia chakula na msaada wa makazi kwa baadhi ya wagonjwa, kwa majaribio. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito, maana kumuuliza mtu kama ana njaa halafu ukampa namba ya simu hakumshibishi.

Sheria yetu mpya ya Bima ya Afya kwa Wote?
Bunge liliipitisha mwaka 2023, na imeweka utaratibu wa kuwagharamia wasio na uwezo. Hilo linagusa kipato. Kisima bado ni kazi ya sekta ya maji.

Sasa nifanye nini?
Lipia kadi wakati wa mavuno. Mnawishe mtoto uso kila siku. Kikombe kimoja kinatosha. Kwenye mkutano wa kijiji, iulize kamati ya zahanati fedha za bima zimetumikaje, na kama tenki la kuvuna maji ya mvua limo kwenye mpango wa mwaka.

Bibi ambaye kope zake zimegeukia ndani kwa trakoma ya miaka mingi asiendelee kuzing'oa kwa kibano. Zinaota tena na kukwaruza kioo cha jicho. Apelekwe akaangaliwe. Upasuaji wake ni mdogo, wa ganzi, na anarudi nyumbani siku hiyohiyo.