Anayepigwa Ndiye Hakimu

Swali huja kwa sura nyingi, lakini shabaha yake ni moja: "Safari hii mmepanga nani ashinde?" Huniuliza majirani, huniuliza wafanyakazi wenzangu, na shangazi yangu aliyeko Lamu huniuliza kila aonapo picha yangu nikiwa katika deraya na chapeo. Juzi liliulizwa tena na mtu aliyekuwa amesimama kando ya kamba ya uwanja tangu asubuhi, akitazama watu wazima wakitwangana kwa fimbo za henzirani hadi pumzi zikiwaishia, kisha akanigeukia kwa upole na kutaka kujua mwandishi wa mchezo ni nani. Mimi ni mwamuzi wa uwanja katika Ufalme wa Magharibi, tawi kongwe kuliko yote la Society for Creative Anachronism, chama cha wapenzi wa Zama za Kati ambacho matawi yake makubwa huitwa falme, na ambacho hapa nitakiita Chama. Nimechoka kujibu kwa mdomo. Sasa nalijibu kwa maandishi, ili siku nyingine nimpe mtu anwani ya ukurasa huu na kuendelea kukagua chapeo.

Kosa lenyewe, la kudhani kwamba matokeo yamepangwa, lina asili inayoeleweka. Vipo vikundi vingi vinavyoigiza tukio mahususi la historia, na hivyo ndivyo vinavyoonyeshwa zaidi kwenye televisheni. Katika mji wa Battle, kusini mwa Uingereza, mapigano ya Hastings ya tarehe 14 Oktoba 1066 huigizwa karibu na mahali yalipopiganwa, na Mfalme Harold wa Uingereza hana budi kufa, kwa sababu alikufa. Grunwald, nchini Poland, ambako vita vya tarehe 15 Julai 1410 vimekuwa vikiigizwa kila mwaka tangu 1998, Ulrich von Jungingen, kiongozi wa upande ulioshindwa, huanguka hata kama aliyevaa mavazi yake siku hiyo ndiye mpiganaji hodari kuliko wote uwanjani. Watu hao hufanya kazi ambayo mimi sina subira nayo: hushona kwa mkono, na wanaweza kubishana msimu mzima juu ya umbo la kifungo. Lakini kazi yao ni kuonyesha jambo lililokwisha kutokea, na jambo lililokwisha kutokea lina mshindi wake tayari. Sisi hatuigizi vita vyovyote vilivyowahi kupiganwa. Tunashindana.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika kuzaliwa kwa Chama. Tarehe 1 Mei 1966, huko Berkeley, California, marafiki walikusanyika katika ua wa nyuma wa nyumba ya Diana Paxson, mhitimu wa masomo ya Zama za Kati ambaye baadaye alijulikana kama mwandishi wa riwaya. Haikuwa semina, wala hapakuwa na mtu aliyekusudia kuanzisha taasisi. Ilikuwa sherehe, na wageni waliombwa waje na mavazi ya kale, tayari kupambana. Wengine walivaa chapeo, wengine vinyago vya waya vya mchezo wa vitara. Silaha zilikuwa panga za plaiwudi, marungu yaliyofunikwa kwa vitu laini, na hata vitara vya michezo. Mapambano yalipokwisha waliandamana katika barabara ya Telegraph Avenue huku wakiimba, wakitangaza kwamba wanaipinga karne ya 20. Katika Berkeley ya miaka ile maandamano hayakuwa habari, ila haya angalau yalikuwa na madai mapya.

Sherehe ilinoga, ikatakiwa nyingine, na safari hii katika bustani ya umma. Ili kupewa eneo ilibidi kutaja jina la kikundi, na mwandishi Marion Zimmer Bradley, aliyekuwa miongoni mwao, ndiye aliyelibuni. Nimewasikia watu wakilichambua jina letu kana kwamba ni mlango wa falsafa fulani. Lilitokana na maombi ya kiwanja.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1968 Bradley alihamia New York, na huko ukazaliwa Ufalme wa Mashariki. Septemba ya mwaka huo huo mkutano wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi ulifanyika Berkeley, Chama kikaonyesha mapambano na kuuza kijitabu cha maelekezo kwa wale waliotaka kuanzisha matawi kwao. Mwezi Oktoba kikasajiliwa kuwa shirika lisilo la faida. Kufikia mwisho wa 1969 Ufalme wa Kati ulikuwapo pia. Ufalme wa An Tir, kaskazini-magharibi mwa Marekani, ulijitenga na Magharibi mwaka 1982, Drachenwald ya Ulaya ikawa ufalme mwaka 1993, na Lochac ya Australia, iliyokuwa chini yetu kwa muda mrefu, ikajitegemea mwaka 2002. Leo falme ni 20, na zote huhesabu miaka kuanzia ile sherehe ya uani. Huo ni ushamba kidogo, nakubali, lakini ni ushamba wenye ukweli: tulianza na mchezo kwanza, kanuni zikaja baadaye, na historia tukaanza kuisoma kwa bidii tulipogundua kwamba chapeo mbaya inaumiza.

Sasa tufike kwenye swali. Mfalme wetu hapatikani kwa kura wala kwa uteuzi, bali kwa shindano la taji, ambamo kila mpiganaji humpigania mwenzi wake, na anayewashinda wote hutawala pamoja na mwenzi huyo kwa miezi minne au sita, kulingana na desturi ya ufalme. Kama matokeo yangekuwa yamepangwa, kungekuwa na mpangaji, na mpangaji huyo angekuwa na nguvu kuliko mfalme. Nawahakikishia kwamba katika Chama chenye watu wanaoweza kugombana wiki nzima juu ya nani aketi wapi kwenye karamu, siri ya namna hiyo isingedumu hadi chakula cha mchana. Na anayetaka ushahidi zaidi akumbuke namna vita vya Pennsic, pambano letu kubwa la kila mwaka kati ya falme, vilivyoanza mwaka 1972. Simulizi ya Chama yasema kwamba mwanauchumi David Friedman, akiwa Mfalme wa Kati, alitangaza vita dhidi ya Mashariki, Mashariki hawakujibu, yeye mwenyewe akahamia Mashariki, akashinda taji la huko, akaukubali mwito alioutoa mwenyewe, na akashindwa. Utani wa wenzetu ni kwamba anayeshindwa ndiye anayebebeshwa mji wa Pittsburgh. Siku hizi vita hivyo hufanyika Slippery Rock, Pennsylvania, na huhudhuriwa na watu zaidi ya 10,000.

Vifaa navyo si vya jukwaani. Plaiwudi ya 1966 iliachwa kwa sababu mbao hupasuka na kutoa vibanzi. Henzirani huchakaa kwa kuchanuka nyuzi, na ndiyo maana tunaitumia, ikiwa na kipenyo kisichopungua milimita 32 hivi. Chapeo lazima iwe ya chuma chenye unene wa milimita 1.6 au zaidi, na uwazi wa usoni usipitishe kijiti cha milimita 25. Nina kijiti hicho mfukoni kila Jumamosi, na sina urafiki na mtu ninapokitumia.

Lakini jambo linaloniudhi kuliko hata swali la mwandishi wa mchezo ni dhana inayokuja mara tu baada ya kulijibu, yaani kwamba basi mimi, mwamuzi, ndiye ninayeamua nani amekufa. Hapana. Kazi yangu ni usalama: nakagua vifaa, natazama hasira, na nikiona kamba ya chapeo imelegea napaza sauti ya kusimamisha, na kila mtu, hata awe katikati ya pigo, husimama. Kuhusu uzito wa pigo sina neno. Anayelipima ni aliyelipokea. Likiwa zuri, yeye mwenyewe husema "zuri" na kuanguka. Likiwa limegusa kwa ubapa au limepoteza nguvu kwenye ngao, hutamka hivyo, na mpinzani wake hupaswa kulikubali neno hilo na kuendelea. Pigo la mguuni humpigisha magoti naye hupambana akiwa hapo hapo chini. La mkononi humnyima mkono huo. Yote hayo huyatangaza mwenye mguu na mwenye mkono.

Shangazi hunijibu kwamba basi ni kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa pwani, cha Wazungu, nami humkatalia kwa heshima zote. Kirumbizi kina ngoma na zumari, na mchezaji huonyesha ustadi wake mbele ya watu; kwetu hakuna ngoma, na pigo lisilozuiwa huacha alama mwilini ambayo mke wangu ameshaacha kuiulizia.

Watu wa michezo mingine hushangaa kwamba utaratibu wa kumfanya mshtakiwa kuwa hakimu unaweza kufanya kazi hata kwa saa moja. Unafanya kazi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kila mtu anatazamwa na watu wanaojua. Mpiganaji wa miaka mingi, akisimama kando ya uwanja, huweza kulitambua pigo zuri kwa mlio wake tu, na anayekataa mapigo ya namna hiyo hupata jina. Uwanjani tunamwita kifaru. Kifaru hafukuzwi mara moja. Watu huanza kumwepuka, wenye vyeo humwita pembeni, na ushindi wake haupigiwi makofi. Sababu ya pili ni kwamba ufalme wa miezi minne hauna mshahara. Tukianza kutoa pesa kwa washindi, nadhani mfumo wote utaanguka katika msimu mmoja.

Hapo ndipo vitabu vyetu vya kanuni hunyamaza na mimi sitanyamaza. Pigo "zuri" linapimwa kwa kipimo cha kufikirika. Kanuni zinatutaka tuchukulie kwamba kila mpiganaji, hata awe amevaa mabamba ya chuma ya karne ya 15 yaliyomgharimu mishahara kadhaa, amevaa fulana ya pete za chuma juu ya koti lenye pamba, mikono na miguu imekingwa kwa ngozi ngumu, na kichwani ana chapeo iliyo wazi usoni yenye kinga ya pua. Hivyo mtu aliyevaa plastiki chini ya shati na mtu aliyevaa deraya kamili hufa kwa pigo lile lile. Ni haki, na bila hivyo maskini wasingeshinda kamwe, lakini matokeo yake ni kwamba aliyekingwa vizuri halisikii pigo kama aliyekingwa vibaya, na anapaswa kukisia. Mtu akihama kutoka ufalme mmoja kwenda mwingine hugundua kwamba huko wanapiga kwa nguvu zaidi au kidogo zaidi kabla ya mtu kukubali kufa. Hakuna mizani. Tunafundishana kwa kupigana, na kiwango husogea kadiri kizazi kimoja kinavyostaafu. Mtu akiniambia kwamba mfalme wa leo angeweza kukataa mapigo ambayo mfalme wa 1975 angeyakubali, sina namna ya kumthibitishia kinyume.

Na kuna suala la miguu. Kwetu ni marufuku kupiga kuanzia goti kwenda chini, kwa usalama, na sina ugomvi na katazo lenyewe. Magoti yangu yanalishukuru. Ugomvi wangu ni na wale wenzetu wanaosimama mbele ya wanafunzi wa shule na kusema, "Hivi ndivyo walivyopigana." Tarehe 27 Julai 1361, nje ya kuta za Visby katika kisiwa cha Gotland, jeshi la Mfalme Valdemar wa Denmark liliwachinja wakulima wa kisiwa hicho, nao wakazikwa kwa pamoja, wengi wao wakiwa bado na deraya zao mwilini. Makaburi hayo yalifukuliwa mapema katika karne ya 20, na mwanaakiolojia Bengt Thordeman alipochapisha matokeo ya uchunguzi, mifupa ya watu wasiopungua 1,185 ilikuwa imehesabiwa. Sehemu kubwa ya majeraha ya makali iko kwenye mifupa ya miguu, chini ya goti, yaani mahali hasa tunapokatazana kupiga.

Fikiria maana yake kwa mtindo wetu. Mpiganaji wa Chama anajua kwamba muundi wake uko salama, kwa hiyo huinua ngao hadi karibu na macho, husogeza mguu wa mbele bila hofu, na hujenga ustadi wake wote kuzunguka kichwa, bega na paja. Katika miongo sita tumeunda sanaa ya kupigana iliyo ya kweli, yenye walimu, mbinu na mitindo ya kieneo, lakini mtu aliyekufa Visby asingetambua namna tunavyosimama. Maigizo yenye mwisho uliopangwa, ambayo nimeyatenga na yetu kwa maneno mengi hapo juu, yanaweza kuonyesha pigo la muundi kwa usahihi kuliko sisi, kwa kuwa wahusika wamelifanyia mazoezi na hakuna anayelitupa kwa ghafla. Sisi tuna ushindani wa kweli juu ya mwili ambao nusu yake hauguswi. Wao wana mwili mzima na ushindani wa uongo. Ni kipi kilicho karibu zaidi na Zama za Kati sina hakika, na nina mashaka na anayedai kuwa nayo.

Ninachoweza kusema ni jinsi ninavyofanya. Mgeni wa kwanza uwanjani simlazimishi kuvaa kinga za miundi, kwa kuwa kanuni hazinipi ruhusa hiyo, lakini humshauri azivae, kwani henzirani ikigonga ukingo wa chini wa ngao huteleza kwenda inakotaka, na aliyeirusha ataomba radhi kwa adabu kubwa huku wewe umekaa chini umeshika mguu.