Kubadilisha Pikapu na Vifaa vya Gitaa la Bei Nafuu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Magitaa mengi ya umeme yanayopigwa Dar es Salaam, iwe katika vikundi vya sifa makanisani, katika bendi za dansi au katika vyumba vya vijana wanaojifunza sebene, ni ya bei nafuu na yametengenezwa China au Indonesia. Si magitaa mabaya. Mitambo inayoongozwa na kompyuta hukata mwili na shingo kwa vipimo visivyobadilika, kwa hiyo mtengenezaji anapotaka kubana gharama hubania kwenye vitu vidogo: pikapu (zile sumaku zenye waya zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), volyumu, swichi, tundu la waya, vigingi vya kukazia nyuzi, daraja linaloshika nyuzi upande wa mwili, pamoja na kizingiti, yaani kile kipande chembamba chenye vijifereji sita ambamo nyuzi hupita zikitoka kichwani kuingia shingoni. Kubadilisha vitu hivyo kuna faida ya kweli, ila faida hiyo humfikia yule aliyejua kasoro iko wapi kabla ya kwenda Kariakoo au kuagiza nje. Dhana zifuatazo ndizo zinazowafanya wengi wajikune pasipowasha.

«Gitaa halishiki tuni kwa sababu vigingi ni vibovu»

Hukumu hii hutolewa haraka mno. Kigingi cha kawaida hufanya kazi kwa gia ya parafujo: ukizungusha kishikio, mhimili unaobeba uzi huzunguka, lakini mvuto wa uzi hauwezi kuurudisha mhimili nyuma isipokuwa meno yawe yamelika. Uwiano unaoandikwa kwenye boksi, 14:1 au 18:1, unaeleza ni mara ngapi unazungusha kishikio ili mhimili umalize mzunguko mmoja. Namba kubwa humwezesha mpigaji kutuni kwa hatua ndogondogo, wala haiahidi kwamba gitaa litadumu kwenye tuni.

Mara nyingi mkosaji ni kizingiti. Katika magitaa ya bei nafuu vijifereji vyake huchongwa vyembamba au vyenye makwaruzo, na uzi, hasa wa tatu, hunasa humo. Dalili yake inajulikana: unakaza, sauti haipandi, kisha uzi unatoa mlio mdogo wa kukwanyuka na sauti inaruka kupita pale ulipoitaka. Unga wa penseli ukisuguliwa ndani ya kijifereji hupunguza tatizo kwa gharama isiyofika hata nauli ya daladala, na kizingiti kipya cha mfupa au cha plastiki yenye grafiti, kikichongwa na fundi mwenye tupa ndogo zinazolingana na unene wa kila uzi, hulimaliza. Kizingiti kilichoachwa juu sana kina kosa la ziada: mkono unapobonyeza freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) ya kwanza au ya pili, uzi huvutwa mbali kuliko inavyotakiwa na noti hupanda, hivyo akodi za chini zinasikika mbovu ingawa nyuzi wazi zimetuniwa sawasawa. Ninaamini kwamba katika gitaa la namna hii hakuna fedha inayozaa zaidi ya ile inayotumika hapa, na bado ndicho kifaa ambacho watu hukitaja mwisho.

Yapo na mambo yasiyohusu kifaa chochote. Uzi mpya ambao haujavutwavutwa utaendelea kulegea, na uzi uliozungushwa mara sita au saba kwenye mhimili una mahali pengi pa kujikusanyia ulegevu, wakati mizunguko miwili au mitatu inatosha. Gitaa lililokaa ndani ya ukumbi wenye kiyoyozi likitolewa kwenye joto la saa nane mchana wa Februari, chuma cha nyuzi hutanuka na sauti hushuka, na hakuna kigingi duniani kinachozuia jambo hilo. Badilisha vigingi pale mhimili unapocheza kwenye tundu lake, meno yanapoteleza, au chumvi ya bahari inapokuwa imekwisha kuvila.

«Pikapu yenye ukinzani mkubwa ndiyo yenye nguvu, na yenye nguvu ndiyo bora»

Hapa kuna makosa mawili yaliyofungwa pamoja, na wauzaji wameyalea kwa muda mrefu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mara, na mzingo huo wa waya huitwa koili. Waya uliozoeleka ni wa namba 42, wenye unene wa takriban milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa ndani ya waya huo na kwenda kwenye amplifaya. Kile ambacho mita husoma unapogusisha ncha zake mbili ni ukinzani wa shaba tu, nao hutegemea urefu na unene wa waya. Ukitumia waya mwembamba zaidi, namba 44 kwa mfano, na idadi ileile ya mizunguko, ukinzani utapanda sana bila pikapu kuongeza nguvu yoyote ya maana. Hata hali ya hewa huingilia kipimo hicho, kwani ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi joto moja ya Selsiasi, kiasi kwamba pikapu iliyopimwa kilo-omu 8.0 kiwandani katika nyuzi 20 itasoma karibu 8.4 katika nyuzi 32 za hapa kwetu. Mtu akikuuzia pikapu kwa kukuonyesha mita, anakuuzia joto la duka lake pia.

Ni kweli kwamba mizunguko mingi zaidi ya waya uleule huongeza nguvu. Lakini kila mzunguko unaoongezwa hufanya pikapu iwe nzito katika kupitisha sauti za juu, hivyo ule ung'avu wa noti hupungua. Pikapu za koili moja za mtindo wa Stratocaster, gitaa lililotolewa na Fender mwaka 1954, kwa kawaida husoma karibu kilo-omu 6. Hambaka, yaani pikapu za koili mbili, za mtindo wa zamani husoma kati ya 7 na 9, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya muziki mzito wa roki hupita 14. Anayepiga solo la dansi au sebene anahitaji kila noti isimame peke yake, safi, juu ya rithimu na besi, na kwa kazi hiyo pikapu ya nguvu ndogo huwa afadhali. Cha kushangaza ni kwamba hambaka nyingi za magitaa ya bei nafuu tayari zina sumaku ya seramiki na waya mwingi, kwa hiyo mpigaji wa sebene anayeagiza pikapu «ya moto» analipa ili azidi kuwa na kile alichokuwa nacho kupita kiasi.

Seramiki yenyewe nayo inasingiziwa. Zipo pikapu bora zenye sumaku hiyo, na zipo za alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti) zisizo na ladha. Kinachofanya pikapu nyingi za bei nafuu za koili moja zisikike tofauti na za asili ni kwamba nguzo zake, vile vijiti vinavyosimama ndani ya koili chini ya kila uzi, ni vipande vya chuma vilivyowekewa sumaku moja bapa chini yake, ilhali katika pikapu za asili kila nguzo ni sumaku ya alniko. Chuma hicho ndani ya koili hubadilisha tabia ya umeme wake na kufifisha sauti za juu.

Kabla ya kununua chochote, chukua bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho na upime nafasi kati ya uzi na nguzo. Takriban milimita 2 upande wa nyuzi nene, na pungufu kidogo upande wa nyuzi nyembamba, ni mahali pazuri pa kuanzia. Pikapu za koili moja zenye nguzo za alniko zikipandishwa sana, sumaku huvuta nyuzi, noti huyumba na gitaa hukataa kutunika sawasawa kwenye freti za juu. Wapo waliotupa pikapu ambazo zilihitaji kushushwa tu.

«Gitaa linavuma, kwa hiyo pikapu imekufa»

Pikapu ya koili moja hunasa uvumi wa umeme wa nyumba, ambao Tanzania ni wa hezi 50, kwa sababu koili yoyote ya waya hufanya hivyo. Kuvuma huko ni tabia yake hata ikiwa mpya na ghali. Seth Lover wa kampuni ya Gibson ndiye aliyeomba hataza ya hambaka mwaka 1955, na pikapu hizo zikaanza kufungwa kwenye magitaa ya kampuni hiyo ya aina ya Les Paul mwaka 1957: koili mbili zenye sumaku na mizunguko iliyokinzana, ili uvumi ufutane na sauti ya nyuzi ijumlishwe.

Kuna wanaobandika karatasi ya shaba ndani ya mwili wa gitaa wakitarajia ukimya kamili. Karatasi hiyo, ikiunganishwa na waya wa ardhi, hupunguza sana mikwaruzo ya taa na vipunguza mwanga, lakini uvumi wa sumaku wa hezi 50 huipita kana kwamba haipo.

Jambo la kuangaliwa kwa makini zaidi liko ukutani. Kelele ikipungua unaposhika nyuzi, gitaa lina hali ya kawaida, maana nyuzi zimeunganishwa na ardhi kupitia daraja. Lakini katika nyumba au ukumbi ambao soketi hazina waya wa ardhi unaofanya kazi, au pale amplifaya na spika zinapolishwa na jenereta kupitia kebo ya pini mbili, kelele huongezeka na hatari pia. Ukihisi umeme mdomoni unapokaribia maikrofoni huku umeshika gitaa, acha kupiga na mwite fundi umeme. Hiyo si kazi ya pikapu.

«Kapasita ya bei ghali hulainisha sauti»

La. Kapasita ni kile kifaa kidogo kinachofanya kitasa cha toni kipunguze sauti za juu, na ya mikrofaradi 0.022 ni 0.022, iwe imenunuliwa kwa mia chache au kwa makumi ya maelfu. Kinacholeta tofauti ni thamani yake pamoja na ile ya volyumu: kwa desturi kilo-omu 250 kwa koili moja na 500 kwa hambaka.

«Kifaa chochote kitaingia, na fundi redio yeyote ataunganisha»

Magitaa ya Asia hutumia vipimo vya milimita na vifaa vya Marekani hutumia inchi. Volyumu ya Kimarekani huhitaji tundu la karibu milimita 9.5 na mhimili wake una meno 24, ilhali nyingi za Asia zina meno 18 na tundu dogo, kwa hiyo vifuniko vya zamani haviingii. Madaraja hutofautiana katika nafasi ya skrubu na upana wa nyuzi, na miili ya baadhi ya magitaa nafuu ni myembamba kiasi kwamba bloku ya daraja la kawaida, kile kipande cha chuma kinachoingia mwilini chini ya daraja, hutokeza nyuma. Pima kwanza, kwa sababu kurudisha mzigo ulioagizwa nje hugharimu kuliko kifaa chenyewe.

Fundi redio wa Kariakoo hulehemu vizuri kuliko wapiga gitaa walio wengi, lakini mpe mchoro wa nyaya wa kampuni iliyotengeneza pikapu. Kwenye hambaka za Seymour Duncan waya mweusi ndio unaotoa sauti; kwenye za DiMarzio ni mwekundu, na mweusi huunganishwa na mweupe. Ukifunga DiMarzio kwa mchoro wa Duncan, koili moja itageuka, sauti itakuwa nyembamba isiyo na tumbo, na uvumi utarudi.

«Vifaa vya rangi ya dhahabu hudumu zaidi»

Dhahabu hiyo ni tabaka jembamba mno linaloondoka kwa jasho. Kwa hewa ya pwani, vitandiko vya daraja (vinavyobeba nyuzi) na skrubu za chuma kisichoshika kutu vinafaa zaidi, ingawa havina mvuto machoni.

«Ukishaboresha, utauza kwa bei ya juu»

Mnunuzi hulipia jina lililo kichwani mwa gitaa, na pikapu za laki tatu ndani ya gitaa la laki nne hazilifanyi liwe la laki saba. Hifadhi vifaa vya awali pamoja na skrubu zake kwenye mfuko, virudishe siku ya kuuza, kisha uzihamishie pikapu zako kwenye gitaa linalofuata.