Viazi Tele Nyandarua, Chipsi Hakuna Nairobi

Januari 2022 migahawa ya KFC nchini Kenya iliishiwa na chipsi. Viazi vyao vilitoka ng'ambo, na meli zilichelewa. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki: viazi ni zao letu la pili la chakula baada ya mahindi. Kampuni ilijibu kwamba kila muuzaji wa viazi lazima kwanza apitishwe kwenye ukaguzi wa ubora wa kimataifa. Jibu hilo ni kweli nusu.

Kiazi cha kiwanda cha chipsi za kugandishwa kinatakiwa kiwe kirefu, macho yake yasizame sana, na katika kila gramu 100 kiwe na gramu 20 au zaidi zisizo maji. Chenye maji mengi hunyonya mafuta na chipsi zake hulegea. Unaweza kupima nyumbani: koroga gramu 125 za chumvi katika lita moja ya maji hadi iyeyuke yote, kisha tumbukiza kiazi kilichooshwa na kukaushwa. Kikizama, kinafaa. Kikielea, kipeleke kwenye mchuzi.

Kikwazo kigumu zaidi ni sukari. Kiazi kikikaa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 6 hivi, wanga wake huanza kugeuka sukari. Ukikikaanga, sukari hiyo huungana na asparajini (moja ya chembe zinazojenga protini) iliyomo ndani ya kiazi, chipsi zikawa za kahawia na chungu, na ikazaliwa akrilamaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Sasa Shangi, aina inayolimwa zaidi Kenya, huchipua wiki chache tu baada ya kuvunwa. Ukiiacha kwenye joto inachipua, ukiitia kwenye baridi kali inajaa sukari. Ndiyo maana mkulima wa Ol Kalou, kaunti ya Nyandarua, huuza mara tu anapochimba, siku zile zile majirani zake wote wanapouza, na bei inaporomoka.

Lakini angalia kibanda cha vibanzi mjini. Shangi inashushwa asubuhi, inamenywa, inakatwa, na mchana imeshaliwa. (Kibanda nacho kina kosa lake, mafuta yanayorudiwa hadi yanakuwa meusi na kutoa povu, lakini kosa hilo si la kiazi.) Shangi haishindwi kuwa chipsi. Inachoshindwa ni kukaa ghalani miezi mingi.

Na kukaa ghalani muda mrefu ni hitaji la mfumo, wala si la mlaji. Kiwandani viazi hukatwa, huchovywa kwenye maji moto ili sukari itoke, hukaushwa, hukaangwa nusu, kisha hugandishwa hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Mgahawani mfanyakazi humimina pakiti kwenye kikapu cha mafuta, anabonyeza saa, na baada ya dakika kama tatu inalia. Hahitaji kujua kiazi. Kampuni haimlipi ujuzi, na mkulima wa karibu hapati soko.

Kampuni iliyo na nia inaweza kuanza na mkataba wenye bei kabla ya kupanda, ukisema wazi gunia ni kilo 50 zilizopimwa, kama kanuni za viazi za Kenya za 2019 zinavyotaka. Kisha mbegu safi, kwa kuwa wakulima wengi hurudia mbegu za shambani mwao na kusambaza ugonjwa wa mnyauko bakteria. Kisha aina kama Markies, inayokaangika vizuri na kukawia kuchipua. Hekta moja hula takriban tani 2 za mbegu. Ikitoa tani 20, inatosha kupanda hekta 10 msimu unaofuata. Kwa hiyo hekta 10 huwa 100, kisha 1,000, kwa misimu miwili ya kuzalisha mbegu, na sehemu nyingi za viazi Kenya hupanda mara mbili kwa mwaka.

KFC ilifungua mgahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011. Hadi meli zile zilipochelewa, misimu kama 20 ya kupanda ilikuwa imepita.