Tea Hotel ya Kericho Haina Lodi

Hapana. Tea Hotel ya Kericho haikujengwa na lodi, yaani Mwingereza wa ukoo wenye cheo, aliyekataliwa na mchumba. Haikuwa hoteli ya reli. Wala Malkia Elizabeth hakupata habari za kifo cha baba yake akiwa pale. Kazi yangu ni kutembeza wageni kati ya Nakuru na Kisumu, na nimeshakubali kwamba kila jengo kuukuu lenye bustani nzuri lazima litafutiwe Mzungu mwenye cheo na kisa cha mapenzi. Lakini juzi mama mmoja, Mkenya mwenzangu, aliniuliza kwa upole kabisa: "Sasa kijana wangu, huyo lodi alikuwa akilala chumba gani?" Mama, shikamoo. Jibu lako hili hapa.

Mepesi kwanza. Lodi mnayemtafuta ni Maurice Egerton, na kasri lake liko Njoro, karibu na Nakuru. Ujenzi ulianza 1938 ukaisha 1954, vyumba 52, naye akafariki 1958. Malkia alikuwa hoteli ya Treetops, upande wa Nyeri, usiku wa kuamkia Februari 6, 1952. Na reli ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901 bila kupita mji wa Kericho. Mizigo ya Kericho ilishushwa stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, ikamalizia safari kwa magari ya ng'ombe kwenye tope.

Hoteli yenyewe ilijengwa miaka ya 1950 na Brooke Bond, kampuni ya chai. Nikifika hapo watu huitikia, "Aa, mkoloni," kisha wanarudi kwenye matatu wakiwa wameridhika. Hapo ndipo mimi huchemka. Mkoloni yupi? Mnamzungumzia kana kwamba alikuwa mtu mmoja aliyeshuka melini na kofia yake, akapanda chai, akajenga hoteli, akaondoka 1963.

Kericho ilipitia mikono tofauti, na mpangilio wake ndio historia yenyewe. Ardhi ilikuwa ya Wakipsigis. Serikali ya kikoloni iliihesabu kuwa ya Mfalme, na sheria ya ardhi ya 1915 ikawaruhusu walowezi kukodishiwa kwa miaka 999. (Katiba ya 2010 ndiyo iliyowashusha wasio raia hadi miaka 99.) Mwaka 1919, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imeisha, ekari zipatazo 25,000 zilitengewa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Mpango wao ulijulikana kwa kifupi kama BEADOC, yaani British East Africa Disabled Officers Colony. Tafadhali sikilizeni: hawakuja kulima chai. Walikuja kulima kitani.

Ndiyo, kitani, kile cha kufumia nguo. Wakati wa vita kitambaa chake kilifunikia mabawa ya ndege, na bei ikapanda hadi watu wakapagawa. Sasa hebu wawazie hao maafisa, wengine viungo vimekatwa, wamewekwa kwenye baridi ya futi zaidi ya elfu sita, mvua inanyesha karibu kila alasiri, soko liko Ulaya, na kati yao na treni kuna tope la kuelekea Lumbwa. Halafu bei ikaanguka. Mpango ukafa miaka ya mwanzo ya 1920.

Swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza ni hili: mpango ulipokufa, ardhi ilirudi kwa wenyewe? Haikurudi. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia, Brooke Bond na James Finlay. Hayakukuta pori tupu kama vipeperushi vinavyopenda kusema. Yalinunua shamba lililoshindwa, lililokwisha kuwatoa watu tayari. Mvua ile ile iliyowatesa wa kitani, na udongo wenye asidi, ndivyo hasa mchai unavyotaka.

Ndiyo maana lodi wenu ananikera. Lodi hujenga kwa sababu ya moyo wake, na kisa kinaishia chumbani. Kampuni haina moyo wa kuvunjwa. Ina mameneja, wakaguzi wa hesabu na wanunuzi, na hao wanahitaji kitanda na chakula cha jioni. Zile kumbi pana na vile vichwa vya wanyama ukutani mimi huvisoma hivyo: ukumbi wa ofisi uliovaa suti. Tazameni bustani. Nyasi zinaishia, majani chai yanaanza, yamekatwa sawasawa usawa wa kiuno. Ukiuacha mchai bila kuuchuma unakuwa mti, tena unatoa maua meupe. Mandhari yote mnayopigia picha ni kazi ya mikono ya vibarua.

Hapa sasa najikuta sina msimamo. Wenzangu wanaiita hoteli hii urithi wetu, na nikiiona ilivyochakaa roho inaniuma kweli. Lakini ilijengwa wakati ambapo mkulima Mwafrika ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuruhusiwa kupanda chai yake mwenyewe, na KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, halikuanzishwa hadi 1964. Urithi wa nani, basi? Kuna siku nasema ikarabatiwe haraka, kuna siku naona fedha hizo ziende kwenye barabara za wachumaji. Brooke Bond yenyewe ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984, kwa hiyo hata wa kuelekezewa kidole amebadilisha jina.

Kwa sasa nimebadilisha ratiba. Tunatoka Nakuru asubuhi, tunaanzia stesheni ya Kipkelion, halafu ndipo tunapanda Kericho. Wageni hulalamika kwamba tunazunguka. Ni kuzunguka kweli, na mafuta ni yangu.