London mpaka Amsterdam sio masaa mawili jamani

Kuna watu wanaangalia tiketi ya uwanja wa Heathrow, London, kwenda uwanja wa Schiphol, Amsterdam, wanaona ndege inaondoka saa mbili asubuhi inafika saa nne na dakika 20, basi wanatangaza safari ni masaa mawili na ushee. Sio kweli. Muda wa kuondoka na wa kufika umeandikwa kwa saa za kila mji, na Amsterdam iko mbele ya London kwa saa moja mwaka mzima, maana hata wakisogeza saa mbele Machi na kuzirudisha nyuma Oktoba wanabadilisha pamoja. Toa hiyo saa moja, inabaki saa 1 na dakika 20. Ndo maana wakati wa kurudi unaondoka saa nne unafika saa nne na dakika 20 na mtu anadhani rubani alikimbiza.

Na hata hiyo saa 1 na dakika 20 sio yote hewani. Umbali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 370 tu, ndege inakaa angani chini ya saa moja. Muda wa ratiba unahesabiwa toka ndege inaondoka getini mpaka inasimama getini, so foleni ya kuruka Heathrow imo humo, halafu ukitua Schiphol kwenye ile ranwei ya Polderbaan, iliyofunguliwa 2003 mbali kabisa na jengo la abiria, ndege inaweza kutembea chini dakika 15 hivi, inavuka hata barabara kuu ya magari kwa daraja.