Umilikaji wa wingi katika Kiingereza: ritifaa hukaa wapi?

Mzungumzaji wa Kiswahili anapotaka kusema kwamba kitu ni cha watu wengi hahitaji alama yoyote ya ziada, kwa kuwa wingi umo tayari ndani ya nomino yenyewe, na kazi ya kuunganisha hufanywa na -a unganifu: "kitabu cha mwalimu", "kitabu cha walimu". Kiingereza hupindua mpangilio huo. Mwenye kitu hutangulia, kitu hufuata, na mwisho wa jina la mwenyewe huwekwa ritifaa, yaani ile alama tunayoiandika katika "ng'ombe". Kwetu alama hiyo ina sauti yake, maana ukiiondoa katika "ng'oa" unabaki na "ngoa", neno jingine kabisa. Kwa Waingereza ritifaa ya umilikaji ni bubu: "teachers" (walimu), "teacher's" (-a mwalimu) na "teachers'" (-a walimu) hutamkwa sawasawa, na msikilizaji huambulia maana kutokana na mazungumzo yenyewe. Tofauti ipo kwenye maandishi tu, na ndiyo sababu hata wenye lugha yao huikosea kila siku.

Kanuni yenyewe ni fupi. Andika kwanza wingi wa nomino, kisha tazama herufi yake ya mwisho. Ikiwa ni s, weka ritifaa baada yake bila kuongeza kitu, na ikiwa si s, weka ritifaa ndipo uongeze s. Kwa hiyo mkutano wa wazazi ni "parents' meeting". Niliwahi kuletewa barua ya shule niihakiki kabla haijatumwa, nayo ilikuwa imeandikwa "parent's meeting", kana kwamba mzazi mmoja ameitiwa mkutano wa peke yake. Nomino ambazo wingi wake hauishii kwa s hufuata njia ya pili: "children's" (-a watoto), "men's" (-a wanaume), "women's" (-a wanawake). Ndiyo maana Siku ya Wanawake Duniani, tarehe 8 Machi, huandikwa "International Women's Day", na anayeandika "womens'" amebuni wingi ambao Kiingereza hakina.

Neno linalostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni "people". Kwa kawaida ni wingi wa mtu, kwa hiyo kitu cha watu ni "people's". Hata hivyo neno hilo lina maana ya pili, yaani jamii au taifa zima likihesabiwa kuwa kitu kimoja, na kwa maana hiyo lina wingi wake, "peoples", ambao ukimilikishwa huwa "peoples'". Mfano wake uko hapa kwetu: mahakama ya Umoja wa Afrika yenye makao yake Arusha huitwa kwa Kiingereza "African Court on Human and Peoples' Rights", kwa kufuata mkataba uliopitishwa mwaka 1981 na kuanza kutumika mwaka 1986. Ritifaa imewekwa baada ya s kwa makusudi, kwa sababu mkataba huo hautetei haki za mtu mmoja mmoja peke yake, bali pia haki za jamii nzima, kama vile haki ya kujiamulia mambo yake, kunufaika na maliasili yake na kupata maendeleo. Kiswahili husema "Haki za Binadamu na Watu", na neno "watu" hapo limebebeshwa maana ambayo kwa Kiingereza imebebwa na s moja na alama moja ndogo.

Jina la umilikaji lisimdanganye mtu akadhani kwamba lazima pawe na mali na mwenye mali. Kama "shule ya wasichana" isivyomaanisha kuwa wasichana ndio wenye shule, ndivyo ilivyo "girls' school". Muda nao huingia humo humo, na hapo ndipo waombaji wa kazi wengi hukwama: uzoefu wa miaka mitano ni "five years' experience", uzoefu wa mwaka mmoja ni "one year's experience", na anayeacha kazi kwa kutoa taarifa ya wiki mbili huandika "two weeks' notice". Kwa majina ya familia, wingi wa Jones ni Joneses, na nyumba yao ni "the Joneses' house".

Majina rasmi hayatabiriki. Tume ya walimu ya Kenya hujiandika "Teachers Service Commission" bila ritifaa, kwa kulichukulia neno la kwanza kuwa linaeleza aina ya tume tu. Sikukuu ya akina mama nchini Marekani, iliyotangazwa rasmi na Rais Woodrow Wilson mwaka 1914, huandikwa "Mother's Day", kwa umoja, kwa sababu Anna Jarvis aliyeipigania alitaka kila familia imwenzi mama yake mwenyewe, si akina mama wote kwa jumla. Kwenye reli ya chini ya ardhi ya London kuna vituo viwili vilivyo jirani, Earl's Court na Barons Court, kimoja kina ritifaa na kingine hakina. Majina ya namna hiyo hunakiliwa kama yalivyo, hata pale kanuni inapoelekeza vingine.