Asilimia ya nini? Punguzo, faida na VAT

Hesabu za asilimia huwakosesha watu mahali pamoja: kuzidisha wanajua, ila asilimia wameitoa kwenye kiasi kisicho chake. Punguzo hutolewa kwenye bei iliyobandikwa. Faida ya darasani huhesabiwa kwenye bei ya kununulia, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye bei isiyo na kodi.

Tuanze na faida. Muuzaji wa soko la Sabasaba, Dodoma, ameagiza mafuta ya alizeti Singida. Tuseme dumu la lita 20 ni sh 74,000, na usafiri na upakiaji umekula sh 6,000 kwa kila dumu. Mtaji wake ni 80,000, siyo 74,000. Anayesahau nauli hujipa faida hewa. Akiuza 100,000 anapata 20,000. Gawa kwa 80,000, zidisha kwa 100: faida ni 25%.

Sasa mteja anaomba apunguziwe. Muuzaji anajiambia, "Faida yangu ni asilimia 25, nikipunguza 25 narudisha mtaji." Hapana. Punguzo linatoka kwenye 100,000, kwa hiyo atauza 75,000 na kula hasara ya 5,000. Mwisho wa kupunguza bila hasara ni 20%, kwa sababu ile 20,000 ni robo ya mtaji lakini ni moja ya tano tu ya bei ya kuuzia.

Kwenye kodi, Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT ni 18%. Chukua godoro la sh 200,000 kabla ya kodi, lenye punguzo la 10%:

200,000 × 0.90 = 180,000
180,000 × 0.18 = 32,400
Jumla: 212,400

Ukianza na kodi ndipo upunguze, jumla haibadiliki, maana ni kuzidisha tu. Lakini VAT ya kuandika kwenye risiti ni 32,400. Ukiandika 36,000 umetoza kodi ya fedha ambayo mteja hakulipa.

Kurudi nyuma ndiko kunakowaangusha wengi, na mitihani hupenda hesabu za namna hiyo. Risiti inasema 212,400 pamoja na VAT. Bei bila kodi ni ngapi? Ukitoa 18% ya 212,400 unapata 174,168, pungufu ya 5,832. Ile jumla tayari ni 118% ya bei, hivyo gawa kwa 1.18 upate 180,000. Ukitaka kodi peke yake, zidisha jumla kwa 18 kisha gawa kwa 118.

Punguzo nalo hurudishwa hivyo hivyo. Shati limelipiwa 34,000 baada ya punguzo la 15%: 34,000 ÷ 0.85 = 40,000. Anayeongeza 15% juu ya 34,000 anaishia 39,100.

Na duka lisilosajiliwa VAT halina ruhusa ya kumtoza mteja hiyo 18%. Ukiikuta imeongezwa, dai risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kodi, na uangalie kama namba ya usajili wa VAT, VRN, ipo.